Umeulizwa bei, umejibu rangi: Maneno madogo ya mtihani yanayokula alama zako

Jumamosi moja mwezi wa Agosti, saa nne asubuhi, Biashara Street ilikuwa imefurika. Mikokoteni inagombania njia na tuktuk, wauzaji wanaita wateja kutoka milangoni, leso zimetundikwa juu mpaka ukuta hauonekani. Shangazi alikuwa anatafuta doti nne za harusi. Mimi na mdogo wangu, ambaye yuko kidato cha nne, tulikuwa wabeba mifuko tu.

Mdogo wangu alikuwa amenuna tangu tupande matatu. Siku ya kufunga shule walirudishiwa karatasi za mtihani wa majaribio, na katika swali moja la fasihi akapata alama 3 kati ya 10. Swali lenyewe wala halikuwa gumu: Tofautisha fasihi simulizi na fasihi andishi.

"Nimejaza kurasa mbili nzima," aliniambia kwa mara ya tano. "Hakuna kitu nimeandika hapo si kweli. Mwalimu ameninyima tu."

Nikaichukua karatasi nikaisoma tukiwa tumeketi kwenye benchi la duka. Kweli, uongo haukuwamo. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa habari za fasihi simulizi: inapitishwa kwa mdomo, ina fanani na hadhira, hubadilika kila inaposimuliwa. Ukurasa wa pili wote ulikuwa habari za fasihi andishi: huandikwa, ina mwandishi, huhifadhiwa vitabuni. Maelezo mazuri, mwandiko safi. Lakini hakuna mahali hata pamoja ambapo pande hizo mbili zilikutana.

Mwenye duka, mzee mmoja mpole wa kofia nyeupe na miwani, alikuwa ametusikia. Akauliza, "Mwanangu, umeambiwa ufanye nini hapo?"

"Nitofautishe, ami."

Mzee akacheka kidogo. "Sasa akija mteja hapa akaniuliza leso na kikoi vina tofauti gani, nikamwambia habari za leso mpaka adhuhuri, kisha habari za kikoi mpaka alasiri, si atakuwa ashakwenda zake duka la pili?"

Akavuta leso moja na kikoi kimoja, akavilaza kaunta bega kwa bega. "Tazama. Hii imechapwa, hiki kimefumwa. Hii ina jina, hiki hakina. Hii yauzwa doti, hiki chauzwa kimoja. Hii ina pindo pande zote, hiki kina mistari kandokando na nyuzi zinaning'inia mwishoni." Akavikunja, akarudi kwa shangazi.

Hoja nne, sekunde ishirini. Mdogo wangu alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza, kwa sababu kidonda hicho ninakijua.

Nilivyochoma alama zangu mwenyewe

Mimi nilifanya KCSE miaka kadhaa iliyopita nikapata C plain, pointi 45. C+ huanzia pointi 46, na C+ ndiyo gredi ya chini kabisa ya kuitwa moja kwa moja chuo kikuu kusomea shahada. Pointi moja. Nilikwenda diploma, na siijutii, lakini ile pointi moja imenifuata kama kivuli.

Siwezi kuapa ilipotelea wapi. Karatasi ya mtihani wa majaribio hurudishwa, ya KCSE hairudi. Ila nakumbuka vizuri sana karatasi ya Historia na Serikali. Swali la insha lilikuwa na sehemu ya pili ya alama 12, likiniambia "explain six". Mimi nikaandika hoja sita, kila moja mstari mmoja, nikapiga mstari chini nikasonga mbele nikijiona bingwa. Hoja sita ninazo, tatizo liko wapi?

Tatizo ni hesabu ya darasa la pili. Alama 12 kugawanya kwa hoja 6 ni alama 2 kwa kila hoja. Moja ni ya kuitaja, ya pili ni ya kuieleza. Mimi nilizitaja zote sita na sikueleza hata moja. Kama mtahini alinipa kila nilichostahili, basi alinipa 6 kati ya 12. Nusu ya swali ambalo nilikuwa nalijua lote kichwani niliiacha mezani kwa kutosoma neno moja.

Hili ndilo linalouma. Mtu akikosa kwa sababu hakusoma, hiyo ni haki yake. Lakini kukosa ukiwa umekesha, unajua, na jibu liko kichwani, kwa sababu umetaja ulipoambiwa ueleze, hiyo ni noma.

Maneno haya yanatoka wapi?

Neno linalokuamrisha katika swali, kama taja, eleza, linganisha au jadili, halikuwekwa hapo kupamba. Mtungaji wa mtihani huanza kwa kujiuliza: nataka kupima kitu gani? Kumbukumbu? Kuelewa? Uwezo wa kupima mambo na kutoa uamuzi? Kisha huchagua kitenzi kinacholingana na kipimo hicho, na mwongozo wa kusahihisha hufuata kitenzi hicho.

Walimu wengi hufunzwa ngazi hizi vyuoni kupitia kazi ya Mmarekani Benjamin Bloom na wenzake, iliyotoka mwaka 1956. Waliyapanga mambo ambayo akili hufanya katika ngazi sita, kuanzia kukumbuka tu hadi kutathmini. Mwaka 2001 orodha hiyo ilifanyiwa marekebisho, na leo ngazi zake huwa kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchanganua, kutathmini na kubuni.

Huna haja ya kuikariri orodha hiyo. Unachohitaji ni kujua kwamba "taja" iko chini ya ngazi na "tathmini" iko karibu na juu, na kwamba aliyeambiwa apande hadi orofa ya tano akasimama ya kwanza hapewi alama za orofa ya tano. Na kinyume chake pia ni kweli: aliyeambiwa asimame ya kwanza akapanda hadi juu amechosha miguu bure, na muda umekwenda.

Mtihani wa leso

Tukiwa bado tunamsubiri shangazi, ambaye alikuwa anafungua doti ya kumi na moja na hajaridhika, nilimwambia mdogo wangu tucheze mchezo. Nguo ni ile ile moja, leso iliyo mbele yetu. Maswali ndiyo yabadilike.

Taja sehemu tatu za leso (alama 3). Jibu: pindo, mji, jina. Maneno matatu, alama tatu, kwisha. Hapa huhitaji sentensi ndefu, huhitaji utangulizi. Ukiulizwa tatu andika tatu. Kuandika sita hakukupi alama sita.

Eleza sehemu tatu za leso (alama 6). Sasa kila sehemu ina alama mbili, kwa hivyo kila sehemu inadai vitu viwili: itaje, kisha useme kitu juu yake. Pindo ni ukingo unaozunguka leso pande zote nne, na mara nyingi rangi au michoro yake ni tofauti na ya katikati. Mji ni sehemu ya katikati yenye pambo kuu. Jina ni maneno yaliyochapwa kwenye mji, karibu na pindo la chini, yakibeba methali, dua, sifa au kijembe.

Fafanua umuhimu wa leso katika harusi ya Waswahili (alama 8). Fafanua ni eleza iliyoongezewa nyama. Hoja haitoshi kutajwa na kuelezwa kijuujuu, inataka ifunguliwe na itiwe mfano. Ukisema "leso hutolewa zawadi", endelea: hutolewa na nani, kwa nani, ikiwa na jina la aina gani, na kwa nini jina hilo lichaguliwe kwa makini. Shangazi angekuwa anafanya mtihani huo angepata zote nane, maana ile doti ya kumi na moja aliikataa kwa sababu ya jina peke yake. Rangi aliipenda. Maneno yake yalikuwa ya kumsema mtu, na yeye anaenda kwa mawifi.

Tofautisha leso na kikoi (alama 4). Hili ami ameshalijibu. Kila sentensi lazima iguse pande zote mbili, na lazima kigezo kiwe kimoja. Usiseme "leso ina jina, kikoi kimefumwa." Hayo ni mambo mawili yasiyojuana. Sema "leso ina jina, kikoi hakina." Maneno kama ilhali, bali, lakini na kinyume na yakikosekana katika jibu lako, shtuka.

Linganisha leso na kikoi. Hapa watu huteleza. Kulinganisha ni kutafuta panapofanana, na katika maswali mengi hutazamiwa pia uonyeshe panapotofautiana. Zote ni nguo za pamba, zote hufungwa mwilini bila kushonwa vazi, zote ni alama za Pwani. Swali likisema "linganisha na utofautishe", usiache upande mmoja, kwa sababu alama zimegawanywa.

Thibitisha kwamba leso ni chombo cha mawasiliano. Thibitisha maana yake kauli hii tayari imekubaliwa, wewe kazi yako ni kuleta ushahidi. Usianze kubishana. Ukiandika "lakini wengine hununua leso kwa rangi tu", umekuwa wakili anayemtetea mshtaki. Leta mifano: mama anayempa bintiye leso yenye dua, jirani anayejibu maneno ya uani bila kufungua mdomo, leso zinazochapwa kuadhimisha tukio au kusambaza ujumbe.

"Leso ni barua isiyo na bahasha." Jadili (alama 20). Hapa sasa ndipo penye uwanja. Jadili inakutaka uitazame kauli kwa upana, hoja baada ya hoja, kila moja na mfano wake. Ndiyo, leso hufikisha ujumbe bila mtu kutamka. Ndiyo, anayeuvaa ujumbe anaweza kukana kwamba alimkusudia mtu yeyote, jambo ambalo barua yenye sahihi haikuruhusu. Lakini barua ina anwani na leso haina, na mgeni asiyejua Kiswahili hununua leso akaivaa ufuoni bila kujua anamtukana nani. Angalia tu neno linalofuata. Katika fasihi, "jadili" mara nyingi huja ikiambatana na maagizo kama "ukirejelea riwaya hii", na hapo bila mifano kutoka kitabuni hoja zako zinaelea. Na ukiambiwa "jadili ukweli wa kauli hii", soma mara mbili kabla hujaamua kama unaunga mkono tu au unapima pande zote.

Tathmini nafasi ya leso katika enzi ya WhatsApp. Tathmini ni kuweka kwenye mizani. Unatoa yanayoipa leso uzito, unatoa yanayoipunguzia, halafu, na hapa ndipo wengi husahau, unasema mizani imelalia wapi. Tathmini isiyo na uamuzi ni sawa na mtu aliyepima nyama kisha hakusema ni kilo ngapi.

Mdogo wangu alikuwa ameanza kucheka. "Kumbe nguo moja tu ina maswali yote haya?"

Ndiyo. Na ndivyo ilivyo kwa kila mada ya silabasi. Ukishaisoma mada, usijiulize tu "naijua?" Jiulize: nikiambiwa niitaje nitasema nini, nikiambiwa niieleze nitaongeza nini, nikiambiwa niitathmini nitaamua nini?

Kitendawili cha "eleza"

Kuna neno moja la Kiswahili linalostahili onyo la peke yake: eleza. Katika mitihani ya Kiingereza kuna maneno mawili, "describe" na "explain". La kwanza linataka useme kitu kikoje, au hatua zake zinafuatana vipi. La pili linataka useme kwa nini kiko hivyo. Sisi "eleza" yetu hubeba yote mawili, na mwanafunzi hubaki kukisia.

Dawa yake ni kutazama maneno jirani. "Eleza jinsi" inataka namna au hatua. "Eleza kwa nini" au "eleza sababu" inataka chanzo. "Eleza sifa za" inataka picha ya kitu au mtu, na katika fasihi kila sifa hutakiwa ithibitishwe na tendo au kauli. "Eleza muktadha wa dondoo hili (alama 4)" ina mfumo wake ambao kila mtahiniwa wa karatasi ya tatu anafaa kuujua akiwa usingizini: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na ni kwa sababu gani. Vitu vinne, alama nne. Anayesimulia tena sura nzima ya riwaya amejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Karatasi ya pili haina huruma

Kama kuna mahali ambapo neno moja hugeuza jibu lote, ni sehemu ya matumizi ya lugha katika karatasi ya pili ya Kiswahili. Sehemu hiyo ina alama 40 kati ya 80, nusu ya karatasi nzima. Tuchukue kitu kimoja, kielezi cha mahali, tukione kikiulizwa kwa njia tatu.

Eleza maana ya kielezi cha mahali. Unatoa maelezo: ni neno linaloonyesha tendo limefanyikia wapi.

Tunga sentensi yenye kielezi cha mahali. Sasa maelezo hayatakiwi. Unaandika: Fundi ameketi dukani. Ukieleza maana badala ya kutunga, umepata sifuri kwa jambo unalolijua.

Bainisha kielezi katika sentensi: Muuzaji amefika mapema. Hapa hutungi na huelezi. Unakitafuta na kukionyesha: mapema. Na unajifunza papo hapo kwamba hiki ni cha wakati, si cha mahali.

Kuna maneno mengine ya ukoo huu. Kanusha ni kukataa, na mtego wake uko kwenye sentensi zenye masharti. Kanusha "Ukinunua leso, nitakupindia" jibu lake ni "Usiponunua leso, sitakupindia." Wengi hukanusha upande mmoja wakaacha wa pili. Yakinisha ni kinyume chake. Akifisha ni kutia alama za uandishi na herufi kubwa, si kuibadilisha sentensi. Ainisha ni kupanga katika aina. Changanua hufuatwa na njia: kwa matawi, kwa jedwali, kwa mishale au kwa mistari. Ukichora matawi mazuri kama mwembe na uliambiwa jedwali, umejisumbua tu.

Na kwenye ufupisho, "kwa maneno 50 hadi 55" ni amri kama amri nyingine. Maneno yako 90 matamu si ufupisho, ni kifungu kingine.

Kwenye insha nako, neno "andika" lenyewe halina shida. Tazama linalolifuata. Barua kwa mhariri si barua rasmi ya kuomba kazi. Tahariri si hotuba. Mahojiano si masimulizi. "Andika kisa kinachothibitisha methali" haina maana ya kueleza maana ya methali kurasa mbili kisha kisa kiwe aya ya mwisho. Na "insha itakayomalizika kwa maneno" maana yake ni kumalizika, si kuyaweka katikati. Wasahihishaji wana neno kwa insha ya aina hiyo: imepotoka. Kiswahili chake kinaweza kuwa cha kutamanika, lakini imepotoka.

Unapowaza Kiswahili, unaulizwa Kiingereza

Kwa vijana wengi wa Mombasa kuna mzigo wa ziada. Nyumbani Kiswahili, barazani Kiswahili, sokoni Marikiti Kiswahili, halafu karibu masomo yote ya KCSE yanakuja kwa Kiingereza. Maneno haya ni ya kuyaweka kwenye daftari mapema.

"Account for" haihusu benki wala pesa. Ina maana utoe sababu. "Outline" ni kutaja mambo makuu kwa mpangilio bila kuyapanua. "Distinguish" ni tofautisha ile ile ya ami. "Suggest" inataka upendekeze jambo la busara kutokana na ulichopewa, hata kama halimo neno kwa neno kitabuni. "Justify" ni kutetea jibu lako kwa sababu.

Kemia nayo ina mtego wake maarufu. Magnesiamu ikiunguzwa hewani, ukiulizwa umeona nini, jibu ni mwanga mweupe mkali na unga mweupe unaobaki. Ukiandika "oksidi ya magnesiamu imetokea" hujajibu, kwa sababu jina hilo hukuliona kwa macho. Uliona unga. Jina lake ni la swali linalofuata, lile la kueleza.

Jiografia iko hapa hapa kisiwani. Ukiulizwa utaje aina ya mwambao wa Kilindini, jibu ni ria, neno moja. Ukiulizwa ueleze jinsi ulivyoumbika, sasa unahitaji hatua: mto ulichimba bonde karibu na pwani, kisha kiwango cha bahari kikapanda au ardhi ikashuka, maji yakaingia na kulifunika bonde hilo, likabaki ghuba yenye kina. Wanaovuka feri ya Likoni kila siku wanapita juu ya jibu.

Hisabati ina mawili ya kuangalia. "Evaluate" huko haina uhusiano na mizani ya fasihi, ni kutafuta thamani ya hesabu. Na "hence" inakuagiza utumie jibu ulilopata sehemu iliyotangulia. Ukianza upya kwa njia yako, umekaidi amri hata kama jibu la mwisho ni sahihi.

Saa na kalamu

Basi chumbani mwa mtihani ufanye nini? Mambo manne tu.

Kwanza, zungushia duara neno la amri katika kila swali. Sekunde mbili. Pili, zungushia pia idadi na alama. "Sababu tano, alama 10" ni ujumbe kamili: hoja tano, alama mbili mbili, kwa hivyo kutaja peke yake hakutoshi.

Tatu, piga hesabu ya muda. Karatasi ya pili ya Kiswahili ni alama 80 kwa saa mbili na nusu, yaani dakika 150. Hiyo ni chini kidogo ya dakika mbili kwa kila alama. Swali la "taja" la alama 2 likikuchukua dakika kumi, umekopa dakika sita kutoka kwa swali jingine, na deni hilo utalilipa mwisho wa karatasi.

Nne, kabla hujafunga jibu, rudi kwenye ile duara. Uliambiwa utofautishe: je, umetofautisha? Uliambiwa uthibitishe: ushahidi uko wapi?

Na kama bado miezi iko mbele yako, chukua karatasi za zamani, lakini usijibu. Soma maswali tu, uandike kando kila amri inadai nini na kwa alama ngapi. Ukifanya hivyo kwa karatasi tatu za somo moja, utaanza kuona kwamba amri zenyewe hazizidi kurasa mbili. Wanafunzi wanaosoma chini ya mtaala mpya wa umilisi nao wasifikirie hili haliwahusu. Vitenzi vyao vinaweza kuwa "buni", "chunguza" au "pendekeza suluhisho", ila kanuni haibadiliki.

Kwa fundi

Shangazi hatimaye alipata doti zake nne. Tukatoka, tukaenda kwa fundi mmoja aliyeweka cherehani pale kando, kama ilivyo desturi ya mtaa huu. Leso huuzwa mbili zikiwa zimeungana, kwa hivyo lazima zikatwe kisha zipindwe ncha.

"Doti tatu kata na upinde," shangazi akamwambia. "Hii moja usikate. Nakwenda nayo hivi hivi."

Fundi akarudia kila neno kabla ya kugusa mkasi. Tatu kukata na kupinda, moja kuacha. Nilimtazama mdogo wangu naye akanitazama. Huyo fundi amekata leso nyingi kuliko siku tulizoishi sisi, anajua kazi yake kuliko anavyojua jina lake, na bado alirudia amri. Mkasi ukishapita nguo hairudi.

Tulipokuwa tunasubiri, mdogo wangu alitoa kalamu, akageuza ile karatasi ya mtihani upande wa nyuma, akaanza kuandika akiwa ameiweka juu ya mfuko wa shangazi. Nilichungulia begani.

Fasihi simulizi hupitishwa kwa mdomo ilhali fasihi andishi hupitishwa kwa maandishi. Fasihi simulizi huhitaji hadhira iwepo wakati wa utendaji ilhali msomaji wa fasihi andishi anaweza kuisoma akiwa peke yake. Fasihi simulizi ni mali ya jamii ilhali fasihi andishi ni mali ya mwandishi. Fasihi simulizi hubadilika kila inapotambwa ilhali fasihi andishi hubaki ilivyochapishwa.

Alifika tano kabla fundi hajamaliza leso ya pili. Mistari saba tu. Zile kurasa mbili za mwanzo zilikuwa upande wa pili wa karatasi ile ile, na yale yote aliyokuwa anayajua yalikuwa humo humo. Hakuongeza hata jambo moja jipya.

"Sasa hii ingepata ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia ampelekee mwalimu shule ikifunguliwa. KCSE ni Novemba. Safari hii karatasi haitarudi.